Moto Usiothibitishwa

Nchi inayosimuliwa hapa haipakani na nchi ya msomaji, kwa hiyo msomaji akiona jambo linalofanana na la kwao, ajue ni macho yake tu. Ni nchi yenye amani. Amani hiyo imeandikwa kwenye noti, kwenye mabasi na juu ya mlango wa gereza kuu, na kila asubuhi redio huwakumbusha wananchi kwamba wanayo.

Katika nchi hiyo wazimamoto walikatazwa kugoma. Katazo lenyewe lilikuwa la haki kabisa, maana moto haungoji mazungumzo yaishe. Wazimamoto walikubali, ila wakauliza swali moja: wakipunjwa mshahara, wakalie wapi? Serikali ya wakati huo ilikuwa bado changa na ina aibu. Ikawapa kiti. Kiti kikawekwa katika ukumbi wa Baraza la Usuluhishi wa Kazi, na anayekikalia akaitwa mwamuzi. Akisema nyongeza ni kiasi fulani, basi ndiyo hiyo, waziri apende asipende.

Kwa miaka ishirini na miwili kiti kilikuwa cha Bi. Kauthari Nguluma, mama mwembamba wa miaka sitini na moja, ambaye kukaa hakukuwa kimoja cha vipaji vyake. Shauri likiwa linaendelea alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akasogeza glasi ya maji, akairudisha ilipokuwa. Mawakili walijifunza kuzungumza huku wakigeuza shingo. Na alikuwa na desturi iliyowakera waajiri wote: hakuamua kazi ambayo hajaionja. Kabla ya uamuzi aliwachukua mwajiri na mwajiriwa, wakavishwa magwanda ya kazi inayogombaniwa, na wote watatu wakaifanya kutwa nzima. Mkurugenzi wa Jiji alizibua naye mitaro ya maji machafu, na alikubali nyongeza kabla hajaenda kuoga. Watu walimwita Mama Onja.

Miaka kumi nyuma alikuwa ameonja zimamoto. Moshi ulimzidi ndani ya ghala la viatu, na koplo mmoja aliyeitwa Limbende akambeba mgongoni mpaka nje, akamlaza chini, akarudi ndani bila kusema neno. Tangu siku hiyo, akinusa plastiki inayoungua, Bi. Kauthari hutafuta ukuta wa kushika.

Ndipo ikaja Sheria ya Kumlinda Mfanyakazi dhidi ya Nyongeza Isiyo na Tija. Ilipita Bungeni kwa dakika kumi na moja. Ingepita upesi zaidi, ila waheshimiwa walikuwa wamechoka, kwani walikuwa wametoka kupitisha nyongeza yao wenyewe. Hiyo haikuhitaji tija, kwa sababu ubunge si kazi, ni wito.

"Waheshimiwa!" alinguruma Waziri wa Kazi na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Ngalapa, mtu mnene mwenye sauti nzuri. "Mshahara unaopanda bila sababu humtesa mfanyakazi. Hujiuliza, nimefanya nini mpaka niongezwe? Serikali sikivu haiwezi kumwacha mwananchi na swali zito kama hilo!"

Meza zikagongwa mpaka glasi zikaruka.

Kwa sheria hiyo, mwamuzi hakuruhusiwa kutoa nyongeza inayozidi ongezeko la tija, na tija itapimwa na Wizara. Hakuruhusiwa tena kuiona kazi, asije akaionea huruma. Akiiona, shauri linamponyoka. Akinyamaza, kiwango cha Wizara kinasimama chenyewe. Lakini nyongeza, hata ndogo kiasi gani, sharti iwe na sahihi ya mwamuzi, kwa hofu kwamba siku moja nyongeza inaweza kutoroka ikawafikia watu bila mwenyewe kujua.

Waamuzi wengine sita waliacha kazi wiki hiyohiyo. Mmoja alifungua banda la kuku na inasemekana alinenepa. Bi. Kauthari alibaki.

"Nikiondoka watakaa nacho wenyewe," alisema, akimaanisha kiti.

Shauri la kwanza chini ya sheria mpya lilikuwa la wazimamoto. Walikuwa hawajaongezwa kwa miaka tisa, na katika kikosi cha watu sitini walibaki thelathini na wanane. Limbende, sasa sajini, alikuja na buti zilizofungwa kwa waya. Waziri alikuja mwenyewe, na msaidizi wa kumbebea miwani.

"Mwaka juzi," Waziri alisoma, "kikosi kilizima mioto mia nne na kumi na miwili. Mwaka jana, tisini na saba." Akavua miwani kwa huzuni. "Mama Mwamuzi, tija imeporomoka. Kwa hesabu kavu mshahara ungekatwa robo tatu. Lakini serikali ina utu. Tunaomba ukatwe theluthi tu."

Bi. Kauthari alikuwa ameshafika dirishani. Akageuka. "Sajini, una la kusema?"

"Ninalo, Mama." Limbende alisimama wima kama yuko gwaride. "Mioto imepungua kwa sababu tulipita nyumba kwa nyumba. Mama lishe wote wa sokoni tumewafundisha kufunga mitungi ya gesi. Mafundi wa kuchomelea tumewahamishia mbali na maduka ya rangi. Mwaka mzima tumetembea, Mama, siku za mapumziko na zenyewe tumetembea."

"Kwa hiyo anakiri!" Waziri aliruka. "Iandikwe. Anakiri kwamba kikosi, kwa makusudi na kwa mpango, kimepunguza kazi yake chenyewe!"

"Mheshimiwa, watu hawakuungua."

"Kutoungua hakumo kwenye Jedwali la Wizara la kupimia tija, Sajini."

Bi. Kauthari alilichukua Jedwali, akalisoma mbele na nyuma. Kweli, hakukuwamo. Alitaka kuwaambia wote wavae kofia za chuma waende kituoni, akakumbuka kuwa siku hizi hilo ni kosa. Akasogeza glasi ya maji.

"Naahirisha kwa mwezi mmoja," alisema mwishowe. "Kikosi kipewe nafasi ya kuinua tija."

"Wazo zuri sana!" alisema Waziri. "Hakuna anayewazuia."

Kesho yake Wizara ilitoa waraka. Kufundisha watu kuzuia moto kukatangazwa kuwa ni hujuma dhidi ya tija. Na ili pasiwe na udanganyifu katika hesabu, akateuliwa Mthibitishaji wa Moto, Bwana Chamwingi, karani mwadilifu wa miaka hamsini ambaye hakuwahi kuchelewa wala kuwahi. Jiji zima lilikuwa lake peke yake. Alipewa baiskeli, muhuri, na fomu ya kurasa tatu. Moto wowote ambao Bwana Chamwingi hakuukuta ukiwaka, kisheria haukuwapo.

Basi mioto ikaanza kurudi. Mtungi mmoja huku, waya mmoja kule. Kikosi kilitoka mbio kama kawaida, kikazima kama kawaida, na wakati watu wanapangusa vyombo vyao, Bwana Chamwingi alifika akihema, akaegesha baiskeli, akabana suruali yake vizuri.

"Moto uko wapi?"

"Tumeuzima."

"Mimi nathibitisha moto," alijibu kwa upole. "Sithibitishi maji."

Kufikia wiki ya tatu, walikuwa wamezima mioto arobaini na mmoja, na iliyothibitishwa ilikuwa miwili. Yote miwili iliteketeza nyumba mpaka chini, kwa sababu siku hizo mbili gari la zimamoto lilikuwa limeharibika.

Bi. Kauthari alizisoma takwimu hizo ofisini, akazunguka meza mara sijui ngapi. Chai ilipoa. Katibu wake alimwambia, "Mama, kaa basi, unanitia kizunguzungu." Akakaa. Akasimama. Ndipo aliposikia king'ora kikipita barabarani, na kabla hajajiuliza mara mbili alikuwa ameshachukua kanga ya katibu, amejitanda mpaka kwenye paji la uso, ameshuka ngazi.

Lilikuwa duka la magodoro. Moshi mweusi ulitoka mlangoni, mzito, na harufu ileile ya miaka kumi nyuma ikampiga. Alishika nguzo ya taa. Mbele yake wazimamoto walikuwa wameshanyoosha mpira wa maji na Limbende ameshika mdomo wa mpira huo. Maji yalikuwa hayajafunguliwa.

"Afande," mmoja wao alikuwa akisema, mtu mzima mwenye mvi, machozi yakimtoka, na si kwa moshi peke yake. "Afande, tumsubiri mthibitishaji. Dakika kumi tu. Nina watoto watano, afande. Ndani hamna mtu. Ni magodoro tu."

Limbende aliangalia mwisho wa barabara, na Bi. Kauthari naye akaangalia, na wote walikiona kitu kimoja: mbali kabisa, baiskeli inapanda mlima taratibu. Katika miaka ishirini na miwili ya kuamua, hakuwahi kuona mtu akipewa shauri gumu namna ile, tena amesimama, tena bila glasi ya maji. Mwenye duka alikuwa amepiga magoti barabarani. Moto ukapasua kioo cha juu.

"Fungua maji," alisema Limbende.

Bwana Chamwingi alipofika, mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye magodoro yaliyolowa. Akatazama kwa makini kushoto na kulia, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Sioni moto."

"Ulikuwapo," alisema Limbende.

"Kuna shahidi asiye mzimamoto wala mwenye mali?"

Bi. Kauthari alifungua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Kisha akakumbuka kifungu: mwamuzi akiiona kazi, shauri linamponyoka, na likimponyoka, mshahara unakatwa. Akaukaza mtandio wa kanga, akateremsha macho. Limbende alikuwa ameshamtambua kwa viatu vyake. Alimwangalia kidogo tu, bila lawama, akaanza kukunja mpira. Aibu aliyoipata Bi. Kauthari hapo kwenye nguzo ya taa hakuwahi kuipata hata siku alipobebwa mgongoni mbele ya watu.

Siku ya shauri ukumbi ulijaa. Waziri alisoma: mioto iliyothibitishwa, miwili. Tija, alisema, ilikuwa imelala chini kabisa, na haikuonyesha dalili ya kutaka kuamka. Fomu ya uamuzi ikawekwa mbele ya Bi. Kauthari. Ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza, ndogo, ya kutosha tarakimu mbili na alama ya kutoa.

Bi. Kauthari akainuka. Watu walidhani anaenda dirishani. Badala yake alishuka jukwaani, akapita kati ya viti, akaenda kukaa kwenye benchi la mashahidi.

"Duka la magodoro," alisema. "Moto niliuona kwa macho yangu. Niliona mtu anaambiwa achague kati ya mshahara wa wenzake na kazi yake, na nikaona alichochagua. Na mimi nilikuwapo nikanyamaza. Iandikwe na hiyo."

Waziri alisimama polepole, uso umejaa furaha aliyojaribu kuigeuza majonzi.

"Mama Mwamuzi ameiona kazi. Kwa masikitiko makubwa, kiti kiko wazi."

Na kwa kuwa kiti kilikuwa wazi, na kiti kilicho wazi hakisemi, kiwango cha Wizara kilisimama chenyewe. Theluthi ikakatwa. Nje, kwenye ngazi, Bi. Kauthari alimtafuta Limbende.

"Nimewaharibia, baba."

"Hapana, Mama. Shauri lilikuwa limeshaharibika." Alikuwa anafungua waya kwenye buti zake. "Ila moto umeuona. Sisi hatukuwa na mtu aliyeuona."

Mwisho wa mwezi kikosi kilirudisha magwanda. Hawakugoma, maana kugoma ni kosa. Waliacha tu, mmoja mmoja, kila mtu na barua yake ya heshima. Limbende akapata ulinzi kwenye kiwanda cha mikate.

Mara tija ikaanza kupanda. Ilipanda kwa namna ambayo wataalamu wa Wizara hawakuwahi kuiona. Sasa Bwana Chamwingi aliweza kupanda mlima bila kuharakisha, akafika, na moto ukawa bado upo unamsubiri. Alithibitisha mioto thelathini kwa wiki, kisha hamsini. Muhuri ukaisha, akanunuliwa mwingine. Gazeti la serikali liliandika kwa herufi kubwa: TIJA YA ZIMAMOTO YAVUNJA REKODI. Hazina nayo ilichangamka ilipogundua kwamba sheria inadai nyongeza ilingane na tija, yaani mara saba ya mshahara, na kwamba nyongeza hiyo haitagharimu kitu, kwa kuwa hakuna hata mtu mmoja wa kuipokea. Mlezi wa Taifa, kama rais alivyopenda kuitwa, alitaka kuitangaza mwenyewe mbele ya wageni siku ya sikukuu.

Ilikosekana sahihi tu, na hakuna mwamuzi mwingine aliyekuwa amekubali kukikalia kiti.

Bi. Kauthari alikuwa nyumbani kwake anahamisha kabati kwa mara ya tatu wiki hiyo gari la Waziri lilipoingia uani. Mheshimiwa Ngalapa alikaa, akasifu kabati, akatoa fomu.

"Ni shauri jipya, Mama yangu. Umerudishwa kitini. Nyongeza mara saba! Mwamuzi gani amewahi kutoa kubwa kama hii?"

"Kwa akina nani?"

"Kwa kikosi."

"Kikosi kiko wapi?"

"Hilo halimo kwenye Jedwali."

Bi. Kauthari aliisoma fomu, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba. "Mimi siamui kazi ambayo sijaionja. Na mwajiri huonja pamoja nami. Unanijua."

"Sheria inakataza!"

"Basi sikukuu njema, Mheshimiwa."

Waziri alikunywa maji. Akafikiria sikukuu, na wageni, na jinsi Mlezi wa Taifa anavyopokea habari za kutopatikana sahihi. Akaomba karatasi, na hapohapo, kwa hati ya dharura, akakisimamisha kifungu kwa siku moja.

Walimpitia Limbende kiwandani wakati wa kubadilishana zamu, maana alihitajika mtu anayejua kuwasha gari na kushika mpira. Kituoni buibui walikuwa wameshajenga. Koti la zimamoto halikuweza kufungika kwenye tumbo la Waziri, wakalifunga kwa kamba. Moto haukuhitaji kutafutwa siku hizo. Kabla hawajafika njia panda waliuona moshi, na ulikuwa unatoka nyuma ya jengo la Wizara yenyewe, kwenye mabanda ya mama lishe wanaowauzia makarani chakula cha mchana.

Banda la kwanza lilikuwa limeshika paa. Mama mmoja alikuwa nje, amekumbatia sufuria moja, anapiga kelele, "Baba, vyombo vyangu! Cherehani ya binti yangu imo humo! Baba, fungua maji!"

Waziri alikuwa ameshika mdomo wa mpira. Nyuma yake Limbende ameubana kwa mikono miwili, mguu mbele, kama ilivyo desturi. Pembeni, baiskeli ilikuwa imeegeshwa tayari. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Bwana Chamwingi alikuwa amefika mapema, kwa sababu alikuwa akila wali hapo.

"Mheshimiwa, usizime," alisema kwa adabu, akichomoa kofia ya kalamu. "Kurasa tatu tu. Mwaka huu tunakaribia mia saba. Ukiuzima kabla sijapiga muhuri, haukuwapo."

Waziri alimtazama Chamwingi, akamtazama yule mama, akatazama paa. Jasho lilimtiririka. Moto ukarukia banda la pili.

"Mama Mwamuzi," alisema kwa sauti ndogo ambayo Bunge halikuwahi kuisikia, "nifanyeje?"

Bi. Kauthari alikuwa ameshika ukuta. Harufu ilikuwa ileile, na alitamani kuupokonya ule mpira mikononi mwa Waziri. Lakini mkono wa Limbende ulikuwa karibu na mkono wa Waziri, tayari, na Bi. Kauthari alihesabu moyoni: moja, mbili.

Waziri akafungua maji.

Yalimsukuma nyuma nusura aanguke, Limbende akamwegemeza. Alizima vibaya, alilowanisha Wizara zaidi ya moto, akapiga kelele za mtu anayefukuzwa na nyuki, lakini alizima. Banda la pili lilipona. Cherehani ilitolewa, nyeusi upande mmoja. Waziri alikaa chini kwenye tope, nyusi zimeungua, anakohoa.

Bwana Chamwingi aliinua macho kutoka ukurasa wa pili. Akatazama mvuke. Akatazama kushoto na kulia.

"Sioni moto," alisema.

"Ulikuwapo!" Waziri alisimama, akateleza, akasimama tena. "Ulikuwapo, bwana wewe! Mimi nimeuona! Nimeuona kwa macho yangu!"

"Mzimamoto haruhusiwi kuwa shahidi," alijibu Bwana Chamwingi, akafunika kalamu.

Waziri akamgeukia Limbende, ambaye alikuwa anakunja mpira. Akamgeukia Bi. Kauthari.

Bi. Kauthari aliuacha ukuta. Alikokota kigoda cha mama lishe, akakiweka katikati ya tope, kati ya Waziri na Bwana Chamwingi. Akakaa, na safari hii akatulia. Akaitoa fomu ya Wizara mkobani, akaigeuza upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akailaza kwenye goti.

"Sasa shauri linaweza kuanza," alisema. "Mheshimiwa, anza wewe. Umeona nini?"